Umejuaje Kwamba Hakuna Jingine?

Mhariri na wasomaji wapenzi,

Najua wengi wenu mkiona alama za hisabati katika jarida la Chama cha Kiswahili mtaguna na kukimbilia ukurasa wa mashairi. Ngojeni kidogo, tafadhali. Nina jambo ambalo limenikwama kooni tangu muhula wa pili, na nisipolisema sasa nitamaliza Kidato cha Nne nikiwa nalo. Tena msiniambie ati hesabu haina Kiswahili. Wenzetu wa Tanzania wanafundishwa Hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, na sijasikia hata siku moja kwamba kule mbili na mbili ni tano.

Nianze na mchezo tunaoujua sote. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Yai! Mtegaji anaridhika, watu wanacheka, mwingine anatega chake. Lakini hebu fikiria, msomaji. Tikiti maji nalo lina mlango? Na kaburi je? Katika vitendawili hatuyaulizi hayo. Jawabu limezoeleka tangu enzi za mababu, likitajwa basi yameisha. Maoni yangu ni kwamba sisi wanafunzi tumeuchukua mchezo huo tukauingiza katika hisabati. Tukipata jawabu moja linaloingia, tunafunga daftari tukidhani swali tumelitatua. Jamani, kubahatisha si kutatua, na tabia hii inatugharimu zaidi ya alama.

Sikilizeni kisa chenyewe. Alhamisi moja jioni tulikutana katika chama cha hisabati. Mwalimu alikuwa ametuachia swali ubaoni, akaenda kwenye mkutano wa walimu. Lilikuwa swali la kwanza la Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati ya mwaka 2019, iliyofanyika Bath, Uingereza. Kwa asiyejua, hayo ni mashindano ya wanafunzi wa shule za upili kutoka nchi nyingi, na yalianza Romania mwaka 1959. Maswali ni sita tu, yanafanywa kwa siku mbili, saa nne na nusu kila siku, na kila swali lina alama 7. Swali lenyewe lilikuwa hivi. Tafuta fanksheni zote f, za kutoka nambari nzima hadi nambari nzima, ambazo kwa kila a na kila b:

f(2a) + 2f(b) = f(f(a + b))

Usiogope. Fanksheni ni kama mashine ya kusaga mahindi pale sokoni. Unatia kitu upande huu, kinatoka kitu upande ule. Ukitia x, kinachotoka ni f(x). Katika milinganyo tuliyoizoea, mashine inajulikana na kinachotafutwa ni nambari, yaani ile x. Katika mlinganyo wa fanksheni mambo yamepinduka: kinachotafutwa ni mashine yenyewe. Umefungiwa nje ya chumba cha mashine, huoni gurudumu wala mkanda. Umeambiwa tabia yake moja tu, kisha unaulizwa: ni mashine zipi zote duniani zenye tabia hii?

Basi siku ile tulikaa kimya kama dakika kumi hivi. Halafu mimi, kwa kiherehere changu, nikaropoka, "Ni 2x! Mashine inazidisha kwa mbili!" Tukaijaribu. Upande wa kushoto, f(2a) ni 4a, na 2f(b) ni 4b, jumla 4(a + b). Upande wa kulia, f(a + b) ni 2(a + b), ukiitia tena mashineni inatoka 4(a + b). Sawasawa! Tukapiga meza, tukapeana mikono, vitabu vikaanza kuingia mikobani, maana kengele ya chajio ilikuwa karibu.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja, msichana wa Kidato cha Tatu ambaye si msemaji sana, akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini umejuaje kwamba hakuna jingine?"

Tukaangua kicheko. Mmoja wetu akamwambia, "Basi baki ulitafute hilo jingine, sisi tunaenda kula." Na mimi nilicheka. Tena nilicheka kuliko wote, kwa kuwa jawabu lilikuwa langu. Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala ile iliyofuata.

Msomaji, unataka kujua kama jingine lilikuwepo? Jaribu 2x + 1. Upande wa kushoto unapata 4a + 1, ukiongeza 4b + 2, jumla ni 4(a + b) + 3. Upande wa kulia unapata 2(2(a + b) + 1) + 1, nayo ni hiyo hiyo 4(a + b) + 3. Imeingia! Na 2x + 7 inaingia. Na 2x toa 100 inaingia. Hata ile mashine mbovu inayotoa sifuri daima, uitie nini, nayo inaingia. Majawabu hayana idadi! Sisi tulikuwa tumeokota moja tukalipigia meza.

Sasa swali ni hili: mtu afanyeje ili ajue amezipata zote, asibaki akiokotaokota? Sisemi mimi ni bingwa, lakini tangu siku ile nimejifunza njia chache, na nitazieleza kama ninavyozielewa.

Njia ya kwanza ni kutia nambari rahisi. Mlinganyo umesema "kwa kila a na kila b", kwa hiyo una ruhusa ya kuchagua upendavyo. Tuchukue mfano wa dukani. Sukari ya kupimwa inauzwa bila punguzo lolote, hivyo ukinunua kilo mbili asubuhi na kilo tatu jioni, utalipa sawa na aliyenunua kilo tano kwa mara moja. Kwa hesabu tunaandika f(a + b) = f(a) + f(b). Tia sifuri pande zote mbili: f(0) = f(0) + f(0). Basi f(0) ni 0. Asiyenunua kitu halipi kitu. Tia moja na moja: f(2) ni mara mbili ya f(1). Endelea hivyo na f(3) ni mara tatu, f(4) mara nne. Nusu kilo je? Nusu mbili ni kilo moja, kwa hiyo f ya nusu ni nusu ya f(1). Umeona? Hatukubahatisha popote. Tumelihoji duka mpaka limetuambia bei ya kilo moja ndiyo inayoamua bei ya kila kipimo kinachoandikika kama sehemu. Duka lolote lenye tabia hiyo halina pa kutorokea.

Njia ya pili ni kubadilishana. Tazama huu: f(x) + 2f(1 - x) = 3x. Hapa kuna vitu viwili visivyojulikana, f(x) na f(1 - x), na mlinganyo ni mmoja. Lakini mahali penye x hebu tia 1 - x. Kile kilichokuwa 1 - x kinageuka kuwa x, na unapata mlinganyo wa pili: f(1 - x) + 2f(x) = 3 - 3x. Sasa ni milinganyo miwili yenye vitu viwili visivyojulikana, ile ile tuliyoifanya tukiwa wadogo hapa shuleni. Zidisha huu wa pili kwa mbili, toa ule wa kwanza, unabaki na 3f(x) = 6 - 9x. Basi f(x) = 2 - 3x. Na hapa hakuna shaka ya jingine, kwa sababu kila hatua ilitulazimisha. Mashine yoyote yenye tabia ile ni lazima iwe hii.

Njia ya tatu ndiyo iliyolifungua swali letu la Bath: kufika mahali pamoja kwa njia mbili. Angalia upande wa kulia, f(f(a + b)). Haujali a ni ngapi na b ni ngapi, unajali jumla yao tu. Kwa hiyo chagua jozi mbili zenye jumla moja. Kwanza tia a = 0 na b = n + 1. Unapata f(0) + 2f(n + 1) = f(f(n + 1)). Pili tia a = 1 na b = n. Unapata f(2) + 2f(n) = f(f(n + 1)). Pande za kulia ni sawa, basi na za kushoto ni sawa:

f(0) + 2f(n + 1) = f(2) + 2f(n)

Panga upya, utaona kwamba f(n + 1) toa f(n) ni nusu ya f(2) toa f(0). Nambari hiyo haina n ndani yake! Maana yake kila ukipiga hatua moja mbele, mashine inaongeza kiasi kile kile, kama nauli inayopanda kwa kiwango kimoja kila kituo. Kwa hiyo f(x) lazima iwe mx + c. Mstari mnyoofu. Mistari miwili ya kazi, na mashine nyingine zote za dunia zimefukuzwa chumbani.

Lakini usipige meza bado. Njia ya nne, ambayo wengi tunaisahau, ni kurudi kukagua. Tumejua kwamba jawabu lazima liwe mx + c, hatujajua kama kila mx + c ni jawabu. Irudishe katika swali. Kushoto unapata 2m(a + b) + 3c. Kulia unapata m² mara (a + b), ukiongeza mc + c. Ili zilingane kwa kila a na b, lazima m² iwe sawa na 2m, na 2c iwe sawa na mc. Basi m ni 2 au ni 0. Ikiwa ni 2, c iwe yoyote. Ikiwa ni 0, c lazima iwe 0. Kwa hiyo majawabu ni 2x + c, pamoja na ile ya sifuri daima. Hayo tu. Na sasa mtu akiuliza, "Umejuaje kwamba hakuna jingine?", una la kumjibu.

Nitatoa onyo moja kabla sijaendelea, ili nisionekane nauza dawa ya kutibu kila ugonjwa. Rudi kwenye ile sukari. Tulisema kilo na sehemu za kilo zimebanwa zote. Vipi kuhusu nambari kama kipeuo cha pili cha 2, isiyoandikika kama sehemu? Mfaransa Cauchy alionyesha mwaka 1821 kwamba ikiwa grafu ya fanksheni haikatiki, basi hata huko jawabu ni mstari mnyoofu na si kingine. Watu wangeweza kuridhika hapo. Lakini kulikuwa na haja ya kuuliza: na tukiliondoa lile sharti la kutokatika je? Mwaka 1905 Mjerumani Georg Hamel akaonyesha kwamba zipo fanksheni nyingine zinazotii sheria ile ile ya kujumlisha, na wala si mistari. Nukta za grafu ya fanksheni ya namna hiyo zimetapakaa kila pembe ya karatasi, hakuna mkono wa kuichora. Miaka 84 baadaye, lile swali la msichana wetu bado lilikuwa linazaa matunda! Hivyo soma swali vizuri ujue ni nambari gani zinazoruhusiwa kuingia mashineni. Za Bath zilikuwa nambari nzima tu, ndiyo maana hatua ya moja moja ilitufikisha.

Sasa nawasikia wengine mkisema, "Wewe bwana, hayo ni ya olimpiadi. KCSE haiulizi mambo ya fanksheni za mafumbo. Tuache tukariri fomula zetu tupite." Haya. Nitawajibu kwa mambo ya darasani kwetu. Mwalimu akiandika x² = 5x, ni wangapi kati yetu wanaogawanya kwa x mbio mbio, wanaandika x = 5, wanaweka kalamu chini? Sifuri imeachwa nje inalia. Akiuliza pembe ambazo saini yake ni 0.5 kati ya 0° na 360°, wangapi wanabonyeza kikokotoo, kinasema 30, nao wanaandika 30? Ile 150 ni ya nani? Ugonjwa ni ule ule. Kikokotoo kimekupa jawabu moja, hakikukuahidi kwamba ni la pekee. Kuuliza kama lipo jingine ni kazi yako wewe.

Tena hata hizo fomula mnazokariri, nyingine ni milinganyo ya fanksheni iliyojificha. Fungua kitabu cha majedwali, tafuta logi ya 2 na logi ya 5. Utakuta 0.3010 na 0.6990. Zijumlishe upate 1.0000, nayo ni logi ya 10. Hiyo ndiyo tabia ya f(xy) = f(x) + f(y), mashine inayogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Wazo hilo lilichapishwa na John Napier wa Uskoti mwaka 1614, na liliwapunguzia watu kazi ya kuzidisha nambari ndefu kwa mkono. Sisi tunalikariri kama kasuku na hatujawahi kuuliza kwa nini logi ya 1 ni sifuri. Tia x = 1 na y = 1 uone. Inajitokeza yenyewe, hata ukiisahau usiku wa mtihani.

Mgala muue na haki mpe. Kubahatisha kuna faida yake. Nisingeropoka 2x siku ile, huenda tusingejua tunaelekea wapi. Anayeanza na dhana nzuri ana taa mkononi. Ninachokataa ni kuichukua taa ukadhani umefika nyumbani.

Na nisijifanye nililijua hilo mapema. Wiki tatu baada ya kicheko kile nilikwenda mashindano ya shule za eneo letu. Kulikuwa na mlinganyo wa fanksheni. Nikabahatisha jawabu, nikalijaribu, likaingia, nikatoka ukumbini nikitabasamu. Matokeo yalipokuja, swali lile nilikuwa nimepata alama moja katika saba. Jawabu langu lilikuwa sahihi. Alama sita zilizobaki zilikuwa za lile swali nililolicheka.

Nilimtafuta yule dada kwenye maktaba. Akafungua kurasa za nyuma za daftari lake, na swali la Bath lilikuwa limetatuliwa lote, pamoja na kukagua, kwa penseli. Alikuwa amelimaliza usiku ule ule tuliokwenda kula. Nikamuuliza mbona hakutuletea. Akanijibu, "Ningewaletea mcheke tena?"

Sikuwa na neno.

Kwa hiyo haya si maoni ya hisabati peke yake. Shule yetu ina desturi ya kumshangilia anayejibu upesi na kumzomea anayeuliza. Katika mdahalo ni hivyo, katika somo la Kiswahili ni hivyo, hata bwenini ni hivyo. Mwenye jawabu la haraka tunamwita mkali. Mwenye swali tunamwita mchelewesha watu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi twaiandika methali hiyo katika insha tukapewa alama, kisha tunatoka nje tunamcheka anayeuliza. Walimu wetu wapendwa, kwa heshima zote, nanyi mtusaidie. Mkituonyesha jawabu moja ubaoni, mtuulize kila mara kama tuna hakika hakuna jingine, hata kama kengele inakaribia.

Na kwa chama cha hisabati ninatoa pendekezo. Kuanzia muhula ujao, atakayepata jawabu asiruhusiwe kupiga meza kabla mwenzake hajamuuliza lile swali, naye akalijibu. Na wa kwanza kuuliza awe yule dada, ikiwa atakubali kurudi. Jina lake silitaji, lakini atasoma ukurasa huu, maana hakosi nakala ya jarida hili. Dada, nilikukosea mbele ya watu, ndiyo maana ninakuomba msamaha mbele ya watu. Kiti chako karibu na dirisha hakijakaliwa na mtu.

Nimalize kama nilivyoanza. Kitendawili! Tegeni masikio. Mashine yangu inakula nambari nzima, na tabia yake ni hii, kwa kila a na b:

f(a + b) = f(a) + f(b) + ab

Ni mashine zipi zote? Mkishindwa, nipeni mji, ila si Nairobi, huo nimeshapewa mara nyingi. Na ukipata jawabu moja likaingia vizuri, njoo uniambie. Nitafurahi sana. Halafu nitakuuliza lile swali.

Wasalamu.
Mwanachama, Kidato cha Nne